Kipaka cha Sokoni

Hapa Ilula, pembeni mwa barabara kuu, nyuma ya matenga ya nyanya, hulia vipaka visivyo na mwenyewe. Mwanao akirudi na kimoja, kinatetemeka kwa baridi hii ya Iringa, tafadhali usimfokee. Kipeni joto na vipande vya samaki; maziwa ya ng'ombe huviharisha vingi. Mwonye asikivute mkia wala kukigusa kinapokula. Kikifika miezi 3, kipelekeni kwa bwana mifugo kichanjwe kichaa cha mbwa, maana paka nao huugua. Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha haraka kituo cha afya. Lakini kipaka ni rafiki pia: nimemwona mtoto mkimya akikisimulia kipaka chake habari za shule, jioni nzima.