Imani ya Mmoja, Chombo cha Wawili



Wiki hii tufikirie swali linalosumbua nyumba nyingi, hata za waliookoka. Katika ndoa, mmoja akiwa na imani kubwa na mwingine akiwa na hofu, je, mwenye imani ana haki ya kumbeba mwenzake apende asipende? Wengi wetu hujibu haraka: mwenye hofu aombewe, safari iendelee. Mimi naona jibu hilo halitoshi, na nitaeleza kwa safari ya boti.

Mwezi wa nane mwaka uliopita mimi na Baba Neema tulikuwa Lamu, tukishukuru Mungu kwa miaka 20 ya ndoa. Sisi ni watu wa bara, kuogelea hatujui. Tulikodi boti ya mashini itupeleke kisiwa cha Pate tukalale usiku mmoja. Sasa, ukitoka Lamu kwenda Pate, njia ya ndani inapitia Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko kila upande. Mkanda una masharti yake. Maji yakipwa, boti inakwama, kwa hivyo lazima ungojee yajae. Na maji hayaangalii saa yako. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Njia ya pili ni kuzunguka Manda kwa nje, bahari kuu. Lakini mwezi wa nane kusi bado linavuma, na mawimbi ya huko nje si ya mchezo.

Tulifika gatini asubuhi, maji yako chini kabisa. Nahodha akatuambia wazi: tungoje kama saa tatu tupite Mkanda, ama tuzunguke nje sasa hivi, tutarushwa na tutalowa. Baba Neema akasema twende nje, Mungu yupo. Mimi nikasema hapana. Akaniangalia akacheka kidogo: "Mama Neema, imani yako iko wapi?"

Kabla sijajibu, nahodha akasema, "Mzee, chombo changu mmoja akikataa, hatutoki."

Tukangoja. Tulikaa kivulini, tukanunua mahamri na chai, tukaongea mambo ambayo nyumbani hatupati nafasi ya kuongea. Maji yalipopanda tukaingia Mkanda polepole, kijana mmoja amesimama mbele na pondo akipima kina, nahodha akiinua mashini kila palipokuwa na fungu. Tukatokea upande wa pili salama.

Hebu niseme wazi: sijui kama tungezama huko nje. Pengine tungefika tukiwa tumelowa tu, tukicheka. Kwa hivyo sisemi kwamba hofu yangu ilionekana kuwa kweli. Ninachouliza ni nani alikuwa na ruhusa ya kuamua. Mawimbi yangeingia, yasingechagua aliyesema twende na kumwacha aliyesema hapana. Na Neema na wadogo zake walikuwa nyumbani wakitungojea sote wawili. Katika chombo kimoja hakuna hatari ya mtu mmoja.

Mtazameni Petro katika Mathayo 14. Mara nyingi tunahubiri jinsi alivyotoka chomboni akatembea juu ya maji. Lakini angalieni alichoomba. Aliomba aitwe yeye. Hakuwaambia wengine kumi na mmoja washuke naye, wala hakuwacheka waliobaki wameketi. Aliweka miguu yake mwenyewe juu ya maji. Halafu someni Matendo 27, pale akida alipomsikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo, na wengi wakakubali wang'oe nanga. Merikebu ilikuwa na watu 276, na miongoni mwao walikuwamo wafungwa ambao kauli yao haikuhesabiwa. Dhoruba ilipokuja, wote waliipata sawa.

Ndiyo maana nasema imani ni yako kuitoa, lakini usalama wa mwenzako si wako kuutoa sadaka. Kama ni shati lako, litoe. Kama ni mfungo, funga. Lakini kuna mambo katika ndoa ambayo ni chombo cha wawili. Mume anachukua hati ya shamba anaweka rehani, anamwambia mke ni hatua ya imani, tena anamwambia mkopo ukishatoka. Mke anachukua pesa za karo anaingiza kwenye biashara, anasema Mungu atajibu kabla shule hazijafunguliwa. Hata sheria ya nchi imeliona jambo hili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inadai idhini ya mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani. Ni aibu kama sheria itamlinda mke wa mpendwa kuliko mpendwa mwenyewe.

Na idhini si ile ya kubanwa. Mtu ukimwambia "imani yako iko wapi," umemfungia mlango. Akikataa anaonekana ni mwenye dhambi, kwa hivyo anakubali kwa mdomo huku moyo umebaki gatini.

Lakini kuna mtu atauliza, na ni swali zuri: je, mwenye hofu ndiye atakuwa bwana wa nyumba? Tukifuata hivyo si tutakaa gatini maisha yote? Kuna nyumba hazijawahi kujaribu lolote kwa sababu mmoja kila siku anasema hapana. Huo nao ni udhalimu, maana unamfunga mwenzako bila kumpa sababu.

Kwa hivyo mwenye hofu naye ana deni. Haitoshi kusema hapana. Aseme anaogopa nini hasa, na aseme ni lini atakubali. Mimi sikukataa Pate. Nilikataa njia ya nje, saa ile, na upepo ule. Maji yakijaa niko tayari, na yalipojaa nilikuwa wa kwanza kuingia botini. Hapana yenye saa yake ni shauri. Hapana isiyo na mwisho ni pingu.

Kungoja kwa namna hiyo si upungufu wa imani. Aliyeumba bahari ndiye aliyeipa kupwa na kujaa, na anayengoja maji anaamini kwamba yatakuja.

Basi wiki hii, kabla hujaweka saini popote, keti na mwenzako. Wewe mwenye ujasiri, muulize: unaogopa nini? Umsikilize mpaka amalize, usimhubirie. Na wewe mwenye hofu, mjibu bila kuzunguka, kisha umwambie: kikitimia kitu fulani, tutaenda. Mkishakubaliana wote wawili, ombeni pamoja.

Mungu awabariki.