Miguu Inayolipa

Kuna shambulio moja kwenye gemu ya BattleTech ambalo kila mchezaji anajua hesabu yake ni mbaya, na bado kila mchezaji anataka kulijaribu. Linaitwa Death From Above, yaani kifo kutoka juu. Roboti yako ya vita, dude la chuma lenye uzito wa tani hamsini, sabini, hata tisini, inawasha jeti zake, inapaa, halafu inatua kwa miguu juu ya kichwa cha roboti ya adui. Hakuna risasi wala kombora. Ni uzito tu.

Gemu yenyewe ina umri kuwazidi wengi wetu. Ilitoka Marekani mwaka wa 1984 ikiitwa Battledroids, mwaka uliofuata ikabadilishwa jina, na ilikuwa ya kuchezwa mezani kwa ramani na dadu mbili. Kompyuta zilikuja baadaye. Nataka tubaki mezani kwanza, kwa sababu pale kanuni ziko wazi na huwezi kudanganywa na picha kali.

Chukua Highlander, roboti ya tani 90, ambayo imehusishwa na shambulio hili mpaka likapewa jina la "mazishi ya Highlander". Rubani wa kawaida akimrukia adui aliyesimama tuli, mwenye ustadi sawa na wake, anahitaji 8 au zaidi kwenye dadu mbili. Hizo ni nafasi 15 kati ya 36. Akipata, adui anakula pointi 27, zikigawanywa tano tano, na kila fungu lina nafasi moja kati ya sita ya kuangukia kichwani, mahali rubani anapokaa. Sasa sikiza upande wa pili. Hata ukifaulu, miguu yako mwenyewe inakula pointi 18. Kisha unarusha dadu tena kuona kama utabaki umesimama, na hapo unahitaji 9, nafasi 10 kati ya 36. Kwa kukanyagwa kwenyewe, adui anaongezewa ugumu mdogo kuliko wako.  Na ukikosa kabisa, unaanguka chali, na kwa roboti ya tani 90 anguko hilo ni pointi 27. Zile zile ulizokuwa umempangia mwenzako.

Si hayo tu. Lazima utangaze mapema kwamba unaruka, wakati wa kusogeza roboti, na raundi hiyo bunduki zako zinanyamaza. Adui anakuona unakuja, na ana haki ya kukumiminia kila kitu alicho nacho kabla hujatua.

Kwa nini basi watu wanaipenda hivi? Jibu la haraka ni kwamba inafurahisha, na sitaki kulidharau. Lakini ukikaa na wachezaji utasikia jibu lingine, na hilo ndilo linanisumbua. Wanasema kuruka kuna heshima. Yule anayejificha nyuma ya kilima akitupa makombora wanamwona mwoga, hata akishinda. Yule aliyeruka akavunjika miguu wanamsimulia miaka.

Kuna kitu cha kweli hapo. Anayeruka ameweka mwili wake kwenye mizani. Ametangaza nia, ameweka bunduki chini, amempa adui nafasi ya kujibu. Ukilinganisha na mtu anayebonyeza kitufe akiwa mbali na mahali kifo kinapotua, unaona tofauti ya kimaadili, na si kwenye gemu pekee. Wengi wetu tunaamini, bila kufundishwa, kwamba ukitaka kumuumiza mtu, angalau na wewe uwe mahali unapoweza kuumizwa.

Lakini ngoja. Pointi 27 ni 27. Aliyekanyagwa kichwa hapati nafuu yoyote kwa kujua kwamba miguu ya aliyemkanyaga nayo inauma. Hatari niliyojiletea mimi inaweza kuonyesha kwamba si mwoga. Haiwezi kuonyesha kwamba nina haki. Jambazi anayeingia benki mchana kweupe bila kujificha uso ana ujasiri kumzidi karani anayeiba kwa kalamu, na wote wawili ni wezi. Nafikiri hapa ndipo tunachanganya mambo, hasa sisi vijana tunaolishwa kila siku maneno ya "jitoe mhanga", "liwalo na liwe", kana kwamba ukubwa wa hatari ndio uzuri wa tendo. Aristotle aliuweka ujasiri katikati, upande mmoja woga na upande mwingine ujuba, na kwake kuogopa kisichostahili kuogopwa ni kosa, na kutoogopa kinachostahili pia ni kosa. Msee anayeruka kwa sababu hajahesabu hana ujasiri. Hajafika hata mahali pa kuogopa.

Halafu kuna swali la nani anayelipa. Mezani, ukicheza peke yako dhidi ya mmoja, jibu ni rahisi: unalipa wewe. Sasa ingia kwenye MechWarrior Online, gemu ya mtandaoni ya ulimwengu huo huo, ambapo timu ya wachezaji 12 inapambana na nyingine ya 12 na kwenye mechi ya kawaida kila mtu ana maisha moja. Hapo ukijirusha katikati ya maadui ukitafuta sifa, utakufa kwa sekunde kadhaa, utaenda kutafuta chai. Kumi na mmoja uliowaacha ndio watakaobeba pengo lako mpaka mwisho wa mechi.

Wazee walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Huwa tunaitumia methali hii kuwatetea waoga, na ni sawa. Mimi nasikia kitu kingine ndani yake. Kilio kinaenda nyumbani kwa shujaa. Shujaa mwenyewe hayupo kukisikia. Wanaolia ni wale ambao hawakuulizwa.

Kwa hiyo kanuni ninayoipenda kuliko zote kwenye shambulio hili ni ile ya kutangaza. Ina maana kwa adui, lakini naiona ina maana zaidi kwa wa upande wako. Nilipoamua kuacha chuo, wengine waliniita jasiri na wengine wakaniita mjinga, na wote walizungumza kana kwamba miguu ilikuwa yangu. Haikuwa. Karo ilikuwa inalipwa na dada yangu mkubwa, kwa mkopo wa chama. Nilienda kwake kabla sijaandika barua ya kuondoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Na ukianguka, utaangukia wapi?" Nikamwambia, "Kwako." Akacheka, akasema basi angalau ajue atandike. Sijui kama hiyo inaufanya uamuzi kuwa mzuri. Najua ilibadilisha aina ya hatari. Kabla ya mazungumzo yale nilikuwa nachezea pesa za mtu. Baada yake tulikuwa wawili tunaoruka, mmoja wetu akiwa na uwezo wa kukataa.

Kuna wanaoruka bila uwezo huo. Mwaka wa 2018 BattleTech ilitoka tena kama gemu ya kompyuta, na humo wewe ni kamanda wa kikosi cha mamluki. Unaajiri marubani, unawalipa mshahara, unawatuma vitani. Shambulio la kuruka limo, na miguu bado inaumia. Mguu wa chuma unatengenezwa kwa pesa na siku kadhaa. Rubani akifa, amekufa, harudi kwenye misheni inayofuata. Na yule anayeamua kuruka hayuko tena ndani ya roboti. Ameketi kwenye kiti, labda na soda mkononi.

Hapo heshima yote tuliyoipa miguu inaenda wapi? Anayelipa hakuamua, na aliyeamua halipi. Kitufe ni kile kile kwa rubani uliyetoka naye mbali, unayemjua jina, na kwa yule uliyemwajiri jana kwa sababu alikuwa wa bei ya chini. Waulize wanaoicheza wanamtuma nani kuruka. Hawatafikiria mara mbili, bana: ni yule wa jana.