Zawadi na Thamani Yake

Wahenga waliacha methali mbili zisizopatana kwa urahisi. Moja yasema kwamba mkono mtupu haulambwi. Nyingine yasema kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ya kwanza huitazama zawadi kwa upande wa apokeaye, ikapima uzito wa kilichomo mkononi. Ya pili huitazama kwa upande wa atoaye, ikapima kisichoonekana. Krismasi ikaribiapo, methali hizi hukutana katika nyumba za Nachingwea na Ruangwa, na swali la kale huzuka upya: ni kitu gani kiipacho zawadi thamani yake?

Majira yenyewe hulifanya swali kuwa zito. Minada ya korosho huanza mwezi wa Oktoba, na kwa muda fedha huonekana mikononi mwa wakulima. Lakini Desemba ni mwezi wa mvua za kwanza, na kusini kuna msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Achelewaye kupanda hana msimu wa pili wa kujitetea. Basi katika siku hizo fedha hupatikana kuliko kawaida, na wakati huwa adimu kuliko kawaida. Anunuaye zawadi dukani hutoa kilicho kingi. Aishonaye kwa mkono wake hutoa kilicho haba.

Chukuliwe mfano wa mama wa Ruangwa aliyeazimia kuwashonea jamaa zake mapambo ya Krismasi. Huomba kwa fundi cherehani masalio ya vitenge na kanga, akayakata kwa umbo la nyota, ndege na kengele. Huyapiga bandi, huyashona ukingoni, huyajaza sufi, kisha huyatia kitanzi cha uzi. Hana msonobari wa kuyatundika, wala hauhitaji, maana mkrismasi huwaka maua mekundu mwezi uo huo bila ya kuombwa. Pambo moja laweza kula jioni nzima, na mikono iishikayo sindano ni ile ile iliyoshinda na jembe. Sokoni pambo hilo halina bei ya kutajwa. Je, ametoa kidogo au kingi?

Wako wasemao kwamba thamani ya zawadi ni jasho lililoigharimu. Hoja hii ina nguvu, kwa kuwa fedha iliyotoka yaweza kurudi, bali jioni iliyotoka hairudi. Hata hivyo haitoshi, na ardhi ya Nachingwea ni shahidi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Misitu ilifyekwa kwa mitambo, reli ikajengwa kutoka upande wa Mtwara, na zaidi ya paundi milioni 35 zilitumika kabla ya mpango kuachwa mwaka 1951. Reli nayo iling'olewa katika miaka ya 1960. Fedha haikukosekana, wala jasho halikukosekana. Kilichokosekana ni kuijua ardhi na mvua zake kabla ya kuifanyia kazi. Mpango ule haukuwa zawadi, lakini unafundisha jambo liihusulo zawadi: gharama kubwa isiyomjua inayemwendea ni gharama tu.

Ikiwa ndivyo, thamani haimo katika bei wala katika jasho peke yake, bali katika kumjua apokeaye. Na hapa ndipo sindano inapopata heshima yake. Mtu hawezi kushona kwa saa tatu kwa ajili ya dada yake bila ya kumfikiri dada huyo: rangi aipendayo, nyumba aliyo nayo, mtoto aliyemzika mwaka uliopita. Mkono humlazimisha moyo kukaa na mtu. Duka haliukatazi moyo kufanya hivyo, ila haliulazimishi.

Jambo hili huonekana wazi zaidi katika ukoo wenye Waislamu na Wakristo, na koo za namna hiyo si ajabu katika pande hizo. Mama yule akimpelekea kaka yake Mwislamu malaika wa kitambaa, amempa kilichomfurahisha yeye mwenyewe. Akimshonea kwa masalio yale yale kifuko cha kuwekea tasbihi, amempa kilicho chake kaka. Kitambaa ni kimoja, sindano ni moja, jasho ni moja; tofauti ni kwamba katika zawadi ya pili mtoaji ametoka nafsini mwake akaenda kwa mwenziwe.

Hata hivyo, mapenzi ya kazi ya mkono yana hatari mbili. Ya kwanza ni majivuno. Mfaransa Marcel Mauss, katika insha yake ya mwaka 1925 juu ya zawadi, alionyesha kwamba kutoa huambatana na wajibu wa kupokea na wajibu wa kurudisha. Zawadi ya mkono yaweza kuwa deni zito kuliko ya duka, kwa kuwa mpokeaji hajui jioni hulipwa kwa nini. Atoaye kwa kuhesabu mishono yake amemfunga mwenziwe kwa uzi ule ule. Hatari ya pili ni ya shamba. Nyota iliyoshonwa wakati mbegu ingali ghalani yaweza kulipwa na watoto kwa njaa ya mwezi wa Februari, nao hawakuulizwa kama wanakubali kuitoa zawadi hiyo.

Kwa hiyo methali zile mbili zapatana mwishoni. Mkono mtupu haulambwi, lakini mkono waweza kujaa vitu ukawa mtupu wa fikira. Kutoa ni moyo, lakini moyo usiomtazama mwenziwe haujatoa kitu. Mama wa Ruangwa na apande kwanza, kisha ashone. Na ashonapo, asiulize pambo litapendezaje machoni pa watu, bali aulize litatundikwa na nani, na mtu huyo analala na fikira gani. Jibu la swali hilo likiingia katika mshono, hata kipande kilichookotwa miguuni pa fundi cherehani ni mali.