Haki ya Kilichonunuliwa

Mtu aliyelipa bei huwa amemaliza wajibu wake, ama ndiyo kwanza anauanza? Suala hili huonekana dogo mpaka pale kinachonunuliwa kinapokuwa na uhai.

Vanila inayooteshwa katika mashamba ya viungo ya Kizimbani ni mmea wa jamii ya okidi, na hupandwa kwa pingili. Mnunuzi wa pingili hizo, au wa okidi ya chunguni, pengine hufikiwa na mzigo uliokwisha kuchoka: majani yamenyauka kwa safari, mizizi imeoza kwa unyevu. Sheria ya Kiislamu, iliyozoeleka mwambao kote, haikumsahau mtu huyu. Muuzaji hulazimika kuitaja aibu ya bidhaa yake, na mnunuzi aliyefichwa ana hiari ya kuirudisha. Hiyo ni haki ya mnunuzi. Je, mmea nao hauna chake?

Yuko anayeutupa jaani na kudai fedha zake. Yuko anayeuhurumia, akaumwagia maji asubuhi na jioni mpaka akaumaliza. Mkulima mzoefu hukata kilichooza kwa kisu safi, huacha jeraha likauke, huuweka kivulini juu ya makumbi ya nazi, wala haupi mbolea mpaka utoe mzizi mpya. Kisha hungoja. Huruma ya yule wa pili humliwaza mtoaji. Ya huyu humfaa mpewaji.

Hata hivyo, uangalizi peke yake si wema. Nahodha Mwingereza Thomas Smee, aliyefika Unguja mwaka 1811, alieleza jinsi watumwa walivyosafishwa na kupakwa mafuta ya nazi ili wang'ae machoni pa wanunuzi. Hao nao "walitunzwa". Na vanila yenyewe ina kisa chake. Nje ya kwao Meksiko, ua lake halizai bila ya mkono wa mtu. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12, aligundua namna ya kulichavusha kwa kijiti na kidole gumba. Ugunduzi wake ulitajirisha mashamba ya wengine. Yeye aliachwa huru mwaka 1848, akafa maskini mwaka 1880. Ua lilipata mlezi, na mlezi akabaki kuwa mali.

Hapa ndipo mizani ilipo. Binaadamu aliyenunuliwa hakuhitaji bwana mpole. Haki yake ilikuwa uhuru, na soko la Mkunazini lilistahili kufungwa, kama lilivyofungwa mwaka 1873, si kupambwa. Pingili iliyokwisha kukatwa haina msitu wa kuirudia. Haiwezi kupewa uhuru. Inaweza kupewa kivuli, subira na maji ya kiasi. Kwa hiyo kilicho hai ambacho hakiwezi kuachiliwa ni amana mkononi mwa aliyekinunua, hata kama alikusudia mali tu.

Kumdai muuzaji na kuuguza mmea ni mambo yanayoweza kwenda pamoja. Mnunuzi ana haki ya kusema kwamba amepunjwa, na jioni ile ile akanoa kisu chake. Pengine mmea utakufa vilevile. Amana haimwajibishi mtu kwa matokeo asiyoyamiliki, bali kwa uangalifu alioumiliki na akaunyima.