Mteremko wa Fort Ternan

Anayetoka Nakuru kwenda Kisumu, akifika Londiani ana njia mbili. Moja inapitia Kericho, katikati ya mashamba ya chai. Nyingine inashuka Kipkelion, Fort Ternan, Koru na Muhoroni, na kwangu mimi hii ndiyo nzuri zaidi. Mikaratusi imesimama pande zote, vilima vya Tinderet viko kulia, na reli ile iliyofika ziwani mwaka 1901 inajitokeza hapa na kupotea pale. Bonde likishafunguka, unaanza kuona miwa ya Muhoroni na Chemelil.

Uzuri huo unaficha jambo moja. Londiani iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Victoria liko kwenye mita 1,134 hivi. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo gari huimaliza kabla ya kufika Muhoroni. Kwa kuwa barabara inazunguka vilima badala ya kuporomoka moja kwa moja, jicho halioni mlima, ila breki zinauona.

Kijana mmoja aliyezoea kuendesha Nairobi alipita huko akimpeleka mjomba wake Kisumu. Gari lake lilikuwa otomatiki, kama haya mengi yanayoletwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika, na tangu alinunue hakuwahi kuiondoa gia kwenye D ila kwa kurudi nyuma au kuegesha. Mandhari yalimteka. Kila kona ilikuwa "Mjomba, hebu tazama kule," huku mguu wake umetulia juu ya breki. Hakuikanyaga kwa nguvu. Aliigusa tu, kilomita baada ya kilomita, gari lisije likakimbia. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Breki inayokanyagwa sawasawa kisha ikaachiwa hupata nafasi ya kupoa, lakini inayoguswa bila kuachiwa hujilimbikizia joto tu.

Ilitangulia harufu, kali, kama ya kitambaa kinachoungua. Kijana akadhani kuna watu wanachoma taka shambani. Mjomba, aliyeendesha malori kati ya Mombasa na Malaba hadi akastaafu, alijua ni nini.

"Mwanangu, hebu shika breki."

Pedali ikazama laini hadi karibu na sakafu, na gari likaendelea na mwendo wake.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, na kadiri yanavyokaa ndivyo yanavyochemka upesi. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hubanika. Mguu unaishia kuubana mvuke huo, na nguvu yake haifiki kwenye gurudumu.

"Usizime gari!" mjomba akasema, maana injini ikizimwa usukani nao huwa mzito. "Weka 2. Kanyaga, achia, kanyaga, achia." Injini ikanguruma kwa sauti ambayo kijana hakuwahi kuisikia, akapeleka mkono airudishe D. "Iache ilie! Mwendo umepungua, sasa weka L. Breki ya mkono, vuta polepole. Kaa kushoto."

Gari likatambaa, likakwaruza ukingo wa udongo, likasimama.

Mama mmoja aliyekuwa akipandisha na mtungi wa maji aliona magurudumu yanafuka moshi, akataka kuyamwagia. Mjomba alimshukuru na kumzuia, kwa sababu chuma chenye moto kiasi hicho kikipata maji baridi huweza kupasuka. Wakakaa kando ya barabara kusubiri. Ndipo kijana akaambiwa kanuni ambayo madereva wa malori huipokea mapema: mlima huteremkwa kwa gia ambayo ungeupandia. Mwendo huzuiwa na injini, na breki huwekwa kwa ajili ya kona na kwa ajili ya mtoto anayevuka ghafla. Wapo wanaoiondoa gia kabisa kwenye mteremko wakiamini wanaokoa petroli. Magari mengi ya siku hizi hukata mafuta yenyewe yanaposhuka yakiwa kwenye gia, kwa hiyo hata hiyo akiba haipo.

Mjomba alikuwa na sababu ya kuiogopa barabara hiyo. Alfajiri ya tarehe 10 Oktoba 2018, hapo hapo Fort Ternan, basi lililokuwa likitoka Nairobi kwenda Kakamega liliacha njia, likabingirika na kung'oka paa. Watu zaidi ya 50 walikufa. Wakuu wa usalama barabarani walisema halikuwa na kibali cha kusafiri usiku. Inaniuma kufikiri kwamba abiria wale waliteremka mlima ambao, kwa giza lile, hawangeweza hata kuuona. Mimi simshauri mtu yeyote aishuke njia hii usiku, hata awe dereva hodari namna gani.

Walipoondoka, kijana aliweka 2 na hakuitoa. Matatu zilimpigia honi nyuma, akazipisha. Muhoroni walimtafuta fundi, akafungua kopo la mafuta ya breki. Yalikuwa meusi. Kwa kawaida hushauriwa yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, na kijana alikuwa na gari hilo mwaka wa nne. Fundi akayatoa yote, akatoa na hewa kwenye mabomba, akaweka mapya, kisha akamwambia arudi baada ya wiki kubadilisha breki za mbele, ambazo zilikuwa zimeungua hadi kung'aa kama kioo.