JE, KIJANA MKRISTO AJIAMINI?

Somo: Kutoka 4:10-16, Yeremia 1:4-8, Yohana 21:15-17



Katika mikutano ya vijana ya parokia yetu hapa Lubumbashi kuna ulizo moja linalorudi kila mara. Kijana anasimama, au mara nyingi zaidi anaandika kwenye kikaratasi kwa sababu anaogopa kusimama, na anauliza hivi: «Kwenye masomo wanatuambia kwamba mtu anapaswa kujiamini. Kanisani wanatuambia tunyenyekee, tusijitegemee. Basi tufuate lipi?» Leo tunataka kulijibu ulizo hili wazi, maana tumekwisha kuona matunda mabaya ya kulijibu vibaya. Na matunda mengine kati ya hayo tuliyapanda sisi wenyewe.

Kwanza tukumbuke umri huo ulivyo. Kati ya miaka 13 na 18 mwili unabadilika bila kuomba ruhusa, sauti inavunjika, uso unatoka vipele, na macho ya watu yanakuwa mazito kuliko mzigo wa makaa. Mmoja anaona haya kwa sababu amerudishwa nyumbani mbele ya wenzake kwa kukosa pesa ya masomo. Mwingine anaona haya kwa sababu mama yake anauza maandazi kando ya barabara ambapo wanafunzi wote wanapita. Wakubwa tunacheka mambo hayo, lakini kwake yeye si madogo.

Sisi tunaingia hekaluni bila viatu, kama Musa alivyoamriwa mbele ya kile kijiti kilichowaka moto. Mlangoni kuna viatu vya ngozi, na kuna sandale za plastiki zilizoshonwa kwa waya. Ndani kuna miguu tu. Mtoto wa tajiri na mtoto wa mchimbaji wanakanyaga sakafu moja. Lakini tumemwona kijana mmoja ambaye, ibada ikiisha, anabaki nyuma akijifanya kupanga vitabu. Anangoja wote watoke kwanza, kusudi wasione ni viatu gani anavyovaa. Ndani alikuwa sawa na wote. Kwa hatua moja ya mlango amekuwa mdogo tena. Hapo ndipo penye shida yetu: namna gani kile alichopewa ndani kitatoka naye nje?

Wazee wengine wanasema: Mkristo hana kujiamini, ana kumwamini Mungu tu. Wanatuonyesha Yeremia 17:5, ambapo mtu anayeweka tegemeo lake kwa mwanadamu anatajwa kuwa chini ya laana. Wanatuonyesha Mithali 3:5. Wazee hao hawakosei. Tumtazame mtume Petro. Usiku ule wa mwisho aliapa kwamba hata wote wakikimbia, yeye hatakimbia. Huko ndiko kujiamini ambako wazee wanakuogopa, na haki iko upande wao, maana kabla jogoo hajawika, swali la mjakazi mmoja lilitosha kumwangusha.

Lakini tusome mpaka mbele. Katika Matendo 4 mtu yuleyule anasimama mbele ya baraza la wakuu, mahali pa hatari kuliko pale penye moto wa makaa. Wakuu wanashangaa, maana wanajua kwamba yeye na Yohana hawana masomo makubwa. Hatetemeki. Ni nini kilichobadilika? Roho Mtakatifu alishuka juu yake, ni kweli. Na kabla ya hapo kuna jambo ambalo tunalipita haraka. Kando ya ziwa, Bwana mfufuka alimwuliza mara tatu kama anampenda, na mara tatu akamkabidhi kondoo zake. Hakumwambia kwanza: onyesha kwamba umekuwa hodari, kisha nitakupa kazi. Alimpa kazi mtu aliyekuwa bado na aibu usoni.

Kiswahili chetu kina maneno matatu yanayotoka shina moja: kuamini, kujiamini na kuaminiwa. Sisi tunasema kwamba katika njia ya Mungu kuaminiwa kunatangulia. Gideoni alikuwa akipura ngano kwa kujificha, na malaika akamsalimu kama shujaa. Yeremia alijitetea kwamba ni mtoto. Mungu hakumjibu kwamba yeye ni mkubwa. Alimjibu kwamba anamtuma. Musa alisema kwamba ulimi wake ni mzito, na hatusomi popote kwamba ulimi huo uliponywa siku ile. Alipewa ndugu wa kumsaidia, akapewa fimbo, akatumwa na ulimi wake uleule. Basi kiburi kinasema: ninaweza kwa sababu mimi ni mimi. Imani inasema: ninasimama kwa sababu nimetumwa na Yule anijuaye. Mwenye kiburi hawezi kuvumilia kushindwa, maana akishindwa hana kitu kinachobaki. Aliyetumwa anaweza kushindwa leo na kesho akaamka tena, maana aliyemtuma hakubadilika.

Sasa ni lazima tuungame jambo. Katika parokia yetu kulikuwa na binti wa miaka 15 mwenye kigugumizi. Alikuwa akipiga filimbi pamoja na vijana wenzake, na kwenye filimbi kigugumizi hakikuwepo. Mwaka mmoja aliomba asome Neno katika ibada ya ukumbusho wa Oktoba 12. Mama yake alitueleza kwamba alijizoeza nyumbani wiki tatu, akisoma mbele ya ukuta. Programu ya siku hiyo ilikuwa mikononi mwetu. Tulifikiri wageni watakuwa wengi, tukafikiri atachekwa, tukafikiri ibada itachelewa. Basi tukafuta jina lake na kuandika jingine. Tulipomwona asubuhi, amevaa kijani na nyeupe, ameshika Biblia yake, tulimwambia kwa sauti ya upole: «Binti yetu, zawadi yako ni filimbi. Kila mtu na zawadi yake.»

Hakulia. Aliinamisha kichwa, akasema: «Ndiyo, Papa Shemasi.» Siku ile alipiga filimbi yake vizuri. Baadaye hakuonekana tena hekaluni kwa miezi minne. Mama yake alipotupasha habari ndipo tulipojua neno alilolisema nyumbani: «Kumbe hata mbele ya Mungu kuna wenye sauti na wasio na sauti.»

Ndugu, tulikuwa tumeita jambo lile hekima, hata huruma. Lilikuwa haya yetu sisi, si haya yake. Tuliogopa macho ya wageni, kama vile kijana wa sandale anavyoogopa. Tulimkosesha kile ambacho Mungu hakumkosesha Musa.

Tulikwenda nyumbani kwao, tukaketi, tukamwomba msamaha mbele ya wazazi wake. Shemasi kumwomba mtoto msamaha si desturi yetu, na baba yake alitaka kutuzuia. Yule binti alinyamaza muda mrefu. Kisha aliuliza ulizo moja tu: «Nikisoma na nikikwama, mtanikatisha?» Tukajibu: «Hapana. Tutangoja.»

Alisoma Jumapili moja ya kawaida, mistari saba. Alikwama kwenye neno la kwanza, akakwama tena katikati. Watoto wawili walicheka na mama zao wakawanyamazisha. Mistari hiyo saba ilichukua karibu dakika 5, na parokia nzima ilingoja. Kigugumizi hakikutoka. Hata leo anacho, na kwenye masomo wako wanaomwiga kwa kumdhihaki. Lakini amerudi, anasoma kwa zamu kama wengine, na haombi tena radhi kabla ya kuanza.

Tukitafuta mfano karibu nasi, hatuna haja ya kwenda mbali. Papa Simon Kimbangu mwenyewe, alipoitwa mara ya kwanza mwaka 1918, alikimbilia Léopoldville, Kinshasa ya leo. Hakujiona kuwa anatosha. Kazi ilipoanza Nkamba, tarehe 6 Aprili 1921, haikuanza kwa sababu alikuwa amepata masomo makubwa au cheo. Mwezi wa Septemba mwaka ule alijitoa mwenyewe mikononi mwa wakuu wa ukoloni. Tarehe 3 Oktoba, huko Thysville, alihukumiwa kifo bila kuwa na mtetezi, na mfalme Albert wa Kwanza akaigeuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Akaletwa hapa kwetu Katanga, na hapa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, akafariki gerezani tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30.

Vijana, mfikiri kidogo juu ya miaka hiyo 30. Kujiamini ambako ulimwengu unakufundisha kunahitaji watu wa kupiga makofi. Gerezani ni nani aliyepiga makofi? Leo taifa letu linapumzika kila tarehe 6 Aprili kwa heshima yake, tangu mwaka 2023, lakini yeye katika mwili hakuyaona hayo. Alisimama kwa sababu alijua ni nani aliyemtuma, na hilo lilimtosha.

Mfikiri pia juu ya watoto wake. Papa Joseph Diangienda alizaliwa mwaka 1918. Baba yake alipofungwa, alikuwa na miaka 3. Alipita umri wenu huo akiwa mtoto wa mfungwa, katika nchi ambapo jina la baba yake lilikuwa hatari. Kama kuna kijana aliyekuwa na sababu ya kuficha jina lake, ni yeye. Lakini alikuja kuongoza kanisa hili, ambalo serikali ililitambua tarehe 24 Desemba 1959, akaliongoza mpaka alipoitwa na Bwana tarehe 8 Julai 1992.

Na kuaminiwa kunazaa matunda hata katika kazi za mikono. Mwaka 1994 Papa Armand Diangienda, mjukuu wa Papa Simon, alianzisha orkestra ya simfoni huko Kinshasa. Wengi walioanza naye hawakujua kusoma noti. Violini zilikuwa chache, watu wakapokezana. Uzi ulipokatika, walitumia waya wa breki ya baiskeli. Leo orkestra hiyo inajulikana ngambo. Hakungoja wapiga violini wapatikane. Alitia violini mikononi mwa watu ambao hawakuwahi kuishika.

Basi, kijana wetu, shika haya machache.

Kwanza, mwambie Mungu haya yako kwa jina lake. Usiseme tu «nisaidie». Sema: Bwana, ninaona haya kwa ajili ya viatu vyangu, kwa ajili ya sauti yangu, kwa ajili ya baba yangu anayekunywa. Jambo lililosemwa mbele za Mungu linapungua uzito mbele ya watu.

Pili, chukua kazi ndogo na uimalize. Fagia hekalu, panga viti, andika majina ya watoto wa shule ya Jumapili. Upendo, Amri, Kazi: hatukupewa neno la tatu kama pambo.

Tatu, ujifunze kutamka maneno matatu ambayo mwoga hawezi kuyatamka: «hapana», «sijui» na «nisamehe». Kijana anayefuata wenzake kwenye pombe haonyeshi uhodari. Ameshindwa tu kusema hapana.

Nne, usijipime kwa picha za telefone, wala usipakae mafuta ya kubadilisha rangi ya ngozi. Aliyekuumba hakukosea rangi.

Na tusiwadanganye: imani haimzuii mtu kushindwa egzame ya Serikali, wala haileti pesa ya masomo kesho asubuhi. Inakupa mahali pa kusimama siku ambapo umeshindwa.

Kwenu wazazi na wenzetu mashemasi, neno ni moja. Mtoto akiitwa «bure» kila siku nyumbani, mahubiri ya Jumapili hayatamwinua. Mpeni kazi ya kweli. Akiharibu, mumrudi, kisha mmpe tena, kama Bwana alivyomfanyia Petro. Msiogope macho ya wageni kuliko machozi ya mtoto.

Kijana wa sandale bado anabaki nyuma ibada ikiisha. Jumapili iliyopita tulibaki naye, tukapanga vitabu pamoja, na sasa ufunguo wa kabati la vitabu uko mikononi mwake. Ni kitu kidogo, lakini ni kuaminiwa, na kumeanza.

Bwana awabariki vijana wetu, awape kusimama bila kiburi na kuinama bila woga. Amina.

Shemasi wa parokia, Lubumbashi