ASUBUHI YA MWENZAKO NI YA NANI?

Bismillahi. 

Ijumaa hii tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni dhambi. Sote tunajua kwamba anayebonda chini ya meka ili ishike unga kidogo anakula haramu. Sura ya 83, Al-Mutaffifin, imeshuka juu ya watu wa namna hiyo, wanaotaka kipimo kijae wanapopokea, lakini wanapunguza wanapotoa. Lakini kuna kipimo kingine kinachopunguzwa kila siku machoni petu, na hakuna anayepiga kelele. Kipimo hicho ni masaa ya mtu anayetafuta kazi.

Swali letu ni hili: ukimwambia mtu akungoje, kisha usimpe kazi, au umpe kazi ya muda mfupi sana, je, unadaiwa kitu kwa yale masaa aliyokungoja?

Ninayeandika nimewahi kuwa na depo ndogo ya unga wa mahindi hapa Lubumbashi. Unga ulikuwa unatoka Zambia na kupita Kasumbalesa. Kila nilipopata habari kwamba kamio imeanza kupita douane, niliwapigia simu vijana kumi: "Saa kumi na mbili ya asubuhi muwe mlangoni. Asiyekuwapo nitaweka mwingine, na asirudi tena." Walikuja. Kamio mara nyingi haikufika mpaka saa nane ya mchana. Siku nyingine haikufika kabisa. Ikifika, walishusha mifuko kwa saa moja na nusu, nami nikawalipa ile saa moja na nusu. Isipofika, niliwaambia: "Mungu hakujalia. Rudini kesho." Niliona ni neno la dini.

Siku moja mzee mmoja katika wale wabebaji, aliyekuwa na umri wa kunizaa, alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Hakugomba. Aliuliza tu: "Mwanangu, hii asubuhi yetu iliyopita ilikuwa ya nani? Kama ilikuwa yetu, mbona ulitukataza kuondoka? Na kama ilikuwa yako, mbona hukuinunua?"

Nilimjibu kwa hasira. Lakini swali lake halikutoka kichwani mwangu, na leo ninalileta kwenu.

Ndugu Muislamu, usifikiri kwamba jambo hili ni la nchi maskini tu. Ndugu zetu wengi waliokimbia vita Kongo walipelekwa kuishi Marekani, na wapo huko wanaofanya kazi kwenye maduka makubwa. Kule duka linaweza kuwa na programu ya kompyuta inayokadiria wateja wa kila saa. Wateja wakiwa wachache, mfanyakazi anarudishwa nyumbani kabla ya wakati. Wakiwa wengi, anaitwa haraka. Anaweza kupewa kazi ya masaa mawili au matatu, na nauli na njia vikamla sehemu kubwa ya alichopata. Mama mwenye mtoto hajui wiki ijayo atalipwa masaa kumi au thelathini, wala hajui amwachie nani mtoto. Kodi ya nyumba lakini haibadiliki.

Kulikuwa pia na desturi hii: mfanyakazi anawekwa kwenye orodha ya siku fulani, lakini lazima apige simu masaa mawili kabla ya kuuliza kama anatakiwa. Akiambiwa ndiyo, anakwenda. Akiambiwa hapana, siku imekwisha bila senti. Huko California, mfanyakazi mmoja wa duka za nguo za Tilly's alipeleka jambo hilo mahakamani. Sheria ya kule inasema kwamba mtu aliyefika kazini asipewe hata nusu ya masaa aliyopangiwa, alipwe nusu ya masaa hayo, yasipungue mawili wala yasizidi manne. Kampuni ilisema: huyu hakufika, alipiga simu tu. Mwezi wa Februari 2019 mahakama ya rufaa ikajibu kwamba hata kupiga simu kwa amri ya mwajiri ni kujitokeza kazini, kwa sababu mtu huyo hawezi kupanga kazi nyingine, wala masomo, wala malezi ya watoto katika masaa yale.

Tazama, ndugu: hakimu wa California na mzee wetu wa mlangoni wameuliza swali moja.

Na fikihi yetu ilikwisha kulipitia karne nyingi kabla. Wanachuoni wanaeleza kwamba mkataba wa ijara unataka vitu vijulikane: kazi gani au muda gani, na malipo kiasi gani. Wametenga pia wafanyakazi wa aina mbili. Wa kwanza ni kama fundi cherehani. Unampa kitambaa, anashona, unamlipa kwa nguo. Akikaa bila kazi hakudai, kwa sababu mlango wake uko wazi na anaweza kushonea watu wengine. Wa pili ni yule aliyejitoa kwako peke yako kwa muda fulani. Huyo, kwa kauli ya wanachuoni wa Kihanafi, anastahiki malipo yake kwa kuwa tayari tu katika muda ule, hata kama hukumpa kazi ya kufanya. Waturuki wa Dola ya Uthmaniyya walipoandika kanuni zao zilizoitwa Majalla, kati ya mwaka 1869 na 1876, waliliweka jambo hilo katika kifungu cha 425, wakaongeza kwamba na yeye hana ruhusa ya kukataa kazi akipewa.

Basi kipimo ni chepesi, hata asiyesoma anaweza kukishika. Jiulize: mtu huyu anaponingoja, ana ruhusa ya kwenda kwingine? Kama anayo, na hatapoteza nafasi yake kwangu, asubuhi ni yake na mimi sidaiwi. Kama nimemfunga kwa neno langu au kwa tisho langu, asubuhi ile nimeichukua mimi. Na kitu cha mtu ukikichukua bila kukilipa, jina lake unalijua.

Najua majibu ya wenye maduka, kwa sababu niliyasema mimi mwenyewe.

La kwanza: "Wamekubali wenyewe." Ni kweli wamekubali. Lakini hawakuambiwa muda wala malipo, basi wamekubali kitu gani? Samaki aliye mtoni hauzwi, kwa sababu hakuna anayejua kama atapatikana. Mbona siku nzima ya binadamu tunainunua hivyo hivyo, tena kwa malipo ambayo huenda yasiwepo? Na mwenye watoto waliolala bila bukari atasema ndiyo kwa kila kitu. Ndiyo ya namna hiyo haikutoshi mbele ya Mwenyezi Mungu.

La pili: "Biashara haijulikani. Mimi pia sijui kamio itafika saa ngapi." Hilo ni kweli kabisa. Lakini wanachuoni wana kanuni kwamba faida inakwenda pamoja na dhamana: anayetaka faida abebe na hatari yake. Unga ukipanda bei, je, unawagawia wabebaji ile faida? Hapana. Basi kamio ikichelewa, kwa nini hasara ya kuchelewa iwe yao?

La tatu ndilo zito zaidi: "Nikilipa kungoja, nitaita watu wachache." Sitakudanganya. Ni kweli, na yupo atakayekosa kuitwa. Nilipobadilisha desturi yangu niliita wanne mahali pa kumi, na wale sita hawakufurahi. Lakini wale wanne walijua kwamba wana siku ya kazi, na wale sita walijua alfajiri kwamba hawana, wakaenda kutafuta sokoni au kwenye majengo. Kumwambia mtu hapana mapema ni kumrudishia siku yake. Kumwacha na labda mpaka mchana ni kumnyang'anya.

Tufahamiane vizuri: kazi fupi yenyewe si dhuluma. Mwanafunzi anaweza kutaka masaa matatu tu, mama anyonyeshaye vilevile. Kazi fupi inayojulikana, iliyokubaliwa na kulipwa, ni halali na ina baraka. Dhuluma iko katika kutojulikana kunakobebwa na upande mmoja tu, tena upande ulio dhaifu.

Mwenyezi Mungu anatudai sala tano, na kila moja ina wakati wake unaojulikana. Mfungaji anajua funga inaanza wapi na inakwisha wapi. Yeye ni Mola wetu, masaa yetu yote ni yake, hata hivyo hakutuweka mlangoni tangu alfajiri mpaka usiku tukingoja kuitwa. Alitupa wakati, kisha akaturuhusu kutawanyika na kutafuta riziki. Mja ni nani basi amfunge mja mwenziwe siku nzima bila wakati?

Nchi kadhaa zimeanza kuweka mipaka. Sheria ya Ujerumani inataka mfanyakazi wa kuitwa aarifiwe siku 4 kabla, na kama mkataba haukutaja masaa ya siku, akiitwa apewe kazi ya masaa 3 mfululizo au zaidi. Mji wa New York tangu mwaka 2017 umewakataza wenye maduka yenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwaweka watu katika hali ya kungoja simu. Nasi tusiseme hatuna sheria. Sheria ya Kazi ya nchi yetu, nambari 015 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema kazi isizidi masaa 45 kwa wiki. Inasema pia kwamba mfanyakazi wa siku kwa siku akikwisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, ukimchukua tena kabla ya miezi hiyo kwisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Anayehesabu mpaka siku ya 21 ili amfukuze mtu na kumkwepa, ajue kwamba kuna Mwenye kuhesabu zaidi yake.

Basi tushikane na haya:

1. Ukimwita mtu, mwambie saa ya kuanza, saa ya kumaliza na malipo, kabla hajatoka nyumbani.

2. Ukimzuia asiende kwingine, mlipe kungoja kwake, hata kama ni kidogo mlichopatana.

3. Kama kazi haipo, mwambie mapema. Simu moja ni franga kidogo, lakini kwa mwenzako ni siku nzima.

4. Nawe mfanyakazi, ukisema utakuja, uje. Ukilipwa masaa manne, ufanye masaa manne. Mwenye kuiba masaa ya tajiri naye amepunguza kipimo.

Yule mzee amekwisha kufariki, Mungu amrehemu. Nilikwenda kumwomba radhi kabla hajafa, na alinisamehe. Lakini wale wengine wa miaka ile siwajui wako wapi, na asubuhi zao ziko shingoni mwangu. Wewe ambaye watu wako bado wako mlangoni, wahi.

Ee Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako, utuepushe na haki za watu, na utusamehe tuliyoyachukua bila kujua. Amin.

Karatasi hii isomwe baada ya sala, si wakati imamu anapotoa hotuba. Ukimaliza, mpe jirani mwenye duka.